Kosa la Sauti ya Tatu

Mjini kwao mtu akifa, kabla hata jeneza halijaagizwa, lazima mtu atumwe kwa Mwalimu. Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mwanamke mfupi mwenye mikono mirefu, na kazi aliyojulikana nayo kuliko zote ilikuwa kupanga nyimbo za misiba: za ibada ya kanisani, za makaburini, na za ile ibada ya kumbukumbu inayokuja baadaye, macho yakishakauka kidogo. Alikaa na wafiwa akawauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, wa kucheka au wa kununa, kisha akarudi nyumbani kuugawa wimbo katika sauti nne. Ya kwanza na ya pili aliwapa wanawake, ya tatu wanaume wenye sauti za juu, ya nne mabesi. Usoni watu walimwita Mwalimu, kisogoni wakamwita Mama Mazishi. Wapo waliovuka barabara wakimwona sokoni, eti asije akawapima urefu.

Siku mumewe alipokufa, alikuwa kazini.

Ilikuwa Jumamosi, anazikwa meneja mmoja mstaafu, na kanisa limefurika hadi uani. Asubuhi mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya kutengeneza mafriji, alikuwa amemwambia kifua kinambana. Mwalimu alikuwa anatafuta kiatu chake cha pili. "Kunywa maji upumzike," alimjibu. "Nikirudi tutaangalia." Kisha akaenda, akazima simu mlangoni mwa kanisa kama alivyofanya siku zote, na akaimbisha vizuri kiasi kwamba mtoto mkubwa wa marehemu alimshika mikono yote miwili akalia.

Aliiwasha simu getini mwa makaburi. Ikaanza kutetemeka na haikunyamaza. Simu zote zilizompita na ujumbe wote uliokuja vilitoka kwa mtu mmoja, wifi yake, dada mkubwa wa Fundi. Ujumbe wa kwanza ulisema njoo haraka. Wa mwisho ulisema: "Usihangaike tena."

Wifi huyo alikuwa mkunga. Nusu ya vijana wa mji ule walipokelewa na mikono yake, na alizoea kusema neno mara moja tu. Fundi alikuwa mdogo wake wa pekee. Mama yao alipofariki, yeye mwenyewe angali msichana, alimbeba mgongoni, akamlea, akamsomesha ufundi, na siku ya kumwoza alitabasamu kwa meno tu. Tangu siku hiyo yeye na Mwalimu walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Hakuna aliyemtukana mwenzake, na hakuna aliyekaa zaidi ya kikombe kimoja cha chai.

Mwalimu alipofika nyumbani alimkuta wifi yake amesimama mlangoni, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko. Nyuma yake wanawake walikuwa wanatoa viti nje.

"Umemaliza kuimba?" mkunga aliuliza.

"Yuko wapi?"

"Wameshamchukua. Jirani alinipigia, nikaja mbio, nikamkuta sakafuni katikati ya mafriji yake. Nimekupigia mpaka kidole kimekufa ganzi. Amekufa mikononi mwangu anauliza umerudi. Nikamwambia yuko njiani." Alimwangalia kuanzia nywele hadi viatu. "Nimemdanganya kaka yangu kwa ajili yako. Hilo sitalisahau."

Mwalimu alipita pembeni yake akaingia ndani. Yote yalikuwa kweli.

Kesho yake, kikao cha mazishi kilikaa chini ya turubai mbele ya nyumba. Mchungaji alikuwepo, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko dhambi. Walipofika kwenye nyimbo, Mwalimu, aliyeitwa kutoka ndani na kukaa na kanga begani, alisema angezipanga mwenyewe. Kwaya yake ilikuwa tayari.

"Hapana," alisema mkunga. "Kwaya nitaileta mimi. Nimeshaongea nao, wana kinanda cha umeme na spika zao."

"Wifi, huyu ni mume wangu. Nimewapangia watu wa mji huu wote."

"Ndiyo maana. Umewapangia wote, umemsahau wa nyumbani kwako. Siku hiyo mjane hasimami mbele ya watu akapunga mikono kama askari wa barabarani. Kaa ndani ulie. Kama na hilo limekushinda, tutakutafutia mtu akufundishe."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mwalimu alimgeukia mchungaji. Mchungaji alikagua kofia yake iliyokuwa magotini, akasema familia ikishakubaliana, kanisa halina neno.

"Familia imekubaliana," mkunga alisema, na kikao kikahamia kwenye suala la maturubai.

Mchana kwaya ya Mwalimu ilikuja, wote kwa pamoja, wamevaa sare. Mkunga aliwapokea getini, hakulifungua. Aliwasikiliza salamu zao hadi mwisho, kisha akasema, "Pole zenu tumezipokea. Nyimbo rudini nazo." Kutoka dirisha la chumbani Mwalimu aliwaona wanageuka mmoja mmoja, wale wa sauti ya kwanza wanalia, wanaume wameweka mikono mifukoni. Hapo ndipo hasira ilipompanda, na ilimsaidia. Tangu Jumamosi alikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Sasa damu ilianza kutembea.

Kiongozi wa sauti ya nne alikuwa mwuza nyama, mzee mnene aliyeitwa Besi hata na wajukuu zake. Yeye hakuondoka. Alizunguka nyuma ya nyumba kama anayetafuta choo, akasimama chini ya dirisha la chumbani.

"Mwalimu," alinong'ona, ingawa mnong'ono wake ulitikisa kioo. "Tunafanyaje?"

"Tunaimba," Mwalimu alisema. "Ngoja nikupe sauti zote, ukawafundishe."

Wimbo alioutaka ni wake mwenyewe, alioutunga mwanzoni mwa ndoa yao. Mstari wake wa mwisho ulisema: kwako, Bwana, taa haijazimwa. Katika neno hilo la mwisho sauti hupanda kama ngazi, kipandio kwa kipandio, mpaka kwenye do ya juu. Na Fundi hakuwahi kufika huko. Miaka yote, awe amelala chali chini ya friji la mtu au anajisugua bafuni, alipanda vizuri, na kwenye kipandio cha mwisho akaishiwa nguvu, akarudi chini kidogo na kutulia hapo kana kwamba ndiko alikokuwa anakwenda. Kwa mtu mwenye masikio ya Mwalimu ilikuwa kama kukanyaga changarawe peku. Wakati fulani Fundi alijiunga na kwaya, sauti ya tatu, na siku ya pili tu ya mazoezi Mwalimu alisimamisha wimbo akamwambia mbele ya wote: "Wewe baba, kazi yako kutuendesha. Ukiimba unaniharibia." Watu wote walicheka. Fundi naye alicheka. Tangu hapo alikuwa anawapeleka kwa gari lake la mizigo, anawasubiri nje, na Mwalimu aliona mambo yamekaa sawa.

Sasa, amekaa ukingoni mwa kitanda chao, alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia marehemu yeyote. Aliliacha kosa. Sauti ya tatu aliwapangia wasiende na wenzao hadi do. Waishie kwenye la, nota mbili chini yake, pale alipokuwa anaishia Fundi. Kisha akaanza kuzihamisha sauti nyingine ili zimpokee. Mabesi, waliozoea kumalizia kwenye do, aliwashusha hadi fa. Fa chini, la katikati, do juu: zilipokutana kichwani mwake, kosa halikuwa kosa tena. Lilikuwa kama mtu aliyechelewa kufika akakuta kiti chake kimewekwa. Halafu Amina, na wote wanarudi nyumbani taratibu.

Alimwimbia Besi sauti moja baada ya nyingine, mdomo umefungwa, kwa sababu sebuleni wanawake walikuwa wamejaa. Besi alirudisha kila mstari kutoka chini ya dirisha. Mlango ulifunguliwa kidogo, shangazi mmoja wa Fundi akachungulia, akaufunga.

"Analia?" mtu aliuliza huko nje.

"Analia. Mwacheni, ndiyo dawa."

"Mbona analia kwa mpangilio?"

"Kila mtu na kilio chake," alisema shangazi.

Walipomaliza sauti ya tatu, Besi alisogeza uso dirishani. "Mwalimu," alisema, "hii si ya Fundi?"

"Ni yake. Waambie waje kama waombolezaji wa kawaida. Wavae nguo za kawaida. Sauti ya kwanza wakae kulia mbele, ya pili nyuma yao, ya tatu kushoto, na nyie karibu na mlango. Wakiniona nasimama, wasimame."

Siku ya mazishi kwaya ya mkunga ilijipanga kando ya madhabahu, majoho ya zambarau, spika mbili ndefu kama makabati. Walijua kuimba, hilo Mwalimu alilikubali moyoni na likamuudhi zaidi. Lakini kinanda kilikuwa na ngoma yake ndani, inapiga yenyewe, na nyimbo zilikuwa za watu wanaofika kutoka safari, si za mtu anayeondoka. Katika viti vya nyuma miguu ilianza kugonga sakafu. Jeneza lilikuwa katikati, jembamba kuliko Mwalimu alivyotarajia. Alikaa kiti cha mbele amevaa nyeusi, na mkunga amekaa ubavuni mwake, karibu kama mlinzi.

Baada ya mahubiri mchungaji alisema watu wainamishe vichwa, wamwombee marehemu kimya kimya. Kinanda kilizimwa. Katika ukimya ule Mwalimu akasimama.

"Kaa chini," mkunga alisema bila kuinua kichwa, akamshika gauni.

Mwalimu aliuvuta upindo wa gauni lake ukamtoka mkononi, akageuka akawatazama watu, akainua mkono. Kanisani, huku na huku, waombolezaji walianza kusimama, huyu kwenye safu hii, yule kwenye ile. Aliguna nota ya kuanzia. Wakaimba.

Waliimba chini sana, bila chombo chochote, na kwa kuwa walikuwa wametawanyika, ilikuwa kama ukuta wenyewe umeanza. Kijana wa kinanda alijaribu kuwatafuta kwa kidole kimoja, kiongozi wake akampiga kofi mkononi. Mchungaji alifumbua macho, akayafumba tena haraka. Ubeti wa kwanza ulipita. Ubeti wa pili ulipokuwa unakaribia mwisho, mkunga akasimama, akapiga hatua mbili, akamshika Mwalimu kifundo cha mkono ule aliokuwa anaongozea, akaushusha kwa nguvu. Watu walivuta pumzi. Waimbaji hawakunyamaza. Walikuwa wanaujua wimbo, na Besi kule mlangoni aliubeba begani kama paja la ng'ombe.

Basi wakabaki wamesimama hivyo, waombolezaji na wafiwa wote wanawaangalia, mmoja amemkamata mwenzake kama polisi na mwizi, wimbo unapanda juu yao. Sauti ya kwanza wakafika juu. Sauti ya tatu wakaishia pale alipokuwa anaishia Fundi.

Mwalimu alihisi vidole vya mkunga vinalegea. Kwa kitambo kidogo sana alidhani yamekwisha, kwamba dada amemsikia kaka yake na atalia, na watalia wote wawili. Kisha vidole vikabana tena, kuliko mwanzo, na mkunga akaleta mdomo sikioni mwake.

"Unamkejeli," alisema. "Mpaka ndani ya jeneza unamkejeli."

Makaburini mkunga alisimama kati yake na shimo, na hakusogea mpaka udongo ulipojaa.

Walizungumza jikoni, alasiri ile ile, watu wengi wakiwa wameshaondoka na masufuria yamerundikana kwenye karo. Mwalimu ndiye aliyefunga mlango.

"Sikumkejeli," alisema. "Nilimwekea mahali pake. Nimezigeuza sauti zote kwa ajili yake. Ungekuwa unajua nyimbo ungeelewa."

"Nyimbo sijui. Namjua kaka yangu." Mkunga alikuwa anasugua sufuria, hakuacha. "Siku uliyomwambia anakuharibia, mbele ya watu, alikuja kwangu. Unalijua hilo?"

Mwalimu hakulijua.

"Alikuja na gari, akakaa pale kwangu kwenye kiti cha mlangoni, muda mrefu, hasemi. Mtu mzima, ana mvi. Halafu ananiuliza, dada, ni kweli ninaharibu? Nikamwambia huharibu kitu, imba. Akasema, yeye ndiye anayejua. Yeye ana masikio. Na tangu siku ile hakuimba tena. Umewahi kujiuliza?"

"Alikuwa anaimba kazini. Nilikuwa namsikia."

"Lini?"

Mwalimu alitazama upande wa karakana ya mumewe. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumsikia chini ya friji, au bafuni, na kila aliyoikumbuka ilikuwa ya zamani, ya nyumba ile nyingine waliyopanga kabla ya kujenga. Kumbe nyumba hii Fundi hakuwahi kuiimbia. Miaka yote hiyo kulikuwa na kimya upande wa karakana, na yeye, aliyenoa masikio yake hadi akalala na nota kichwani, alikiona kimya hicho ni utulivu.

"Alicheka," alisema. "Siku ile alicheka na wenzake."

"Ulitaka afanye nini, akupige?" Mkunga aliiweka sufuria kwa kishindo. "Sasa amekufa ndiyo unamwambia aimbe. Tena bora ungemwimba sawa. Hakuwa anaimba vile."

"Vipi?"

"Vile mlivyoimba. Siyo. Umeishi naye umri wote huo, na masikio yako hayo wanayokusifia, hata kosa lake hulijui." Alijifuta mikono, akachukua mkoba wake kwenye msumari. "Mimi naenda. Masufuria yaliyobaki ni yako."

Alipita mlango wa mbele bila kumuaga mtu.

Baada ya hapo Mwalimu hakupanga tena nyimbo za msiba wowote. Watu walituma mtu kama kawaida, naye akawaambia anaumwa bega. Kwaya iliendelea na Besi, ambaye alijua kuimba ila hakujua kukataza, na mazoezi yakawa soko. Mwalimu alikaa nyumbani, mlango wa karakana uko wazi, mafriji ya watu yamejipanga humo yanasubiri wenyewe. Alijaribu kumsikia. Alianza mstari ule wa mwisho, akapanda naye kipandio kwa kipandio, na kila alipofika la alisimama akijiuliza. Mara alimsikia yuko chini zaidi. Mara juu. Kilichomtesa si kwamba mkunga amemtukana. Kilichomtesa ni kwamba huenda alisema kweli.

Mchungaji alipokuja kusema familia imepanga ibada ya kumbukumbu, na kwamba dada wa marehemu hajasema nani ataimba, Mwalimu alimjibu atampa jibu. Kesho yake asubuhi akavaa akaenda kwenye zahanati ya wazazi.

Kulikuwa na benchi refu la mbao ukutani, wajawazito wamekaa juu yake wameegemeza mikono matumboni. Mkunga alitoka chumba cha ndani, akamwona, akasimama.

"Umekuja kujifungua?" aliuliza, kwa sauti ya kusikika benchi zima.

Mwalimu na Fundi hawakujaliwa mtoto, na mkunga alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wanawake waliokuwa kwenye benchi waliinama, mmoja akaanza kufunga upya kilemba chake. Mwalimu aliimeza dharau ile.

"Nimekuja kuuliza alivyokuwa anaimba."

"Muulize aliyeishi naye."

"Nimemuuliza. Hajui."

Mkunga alimtazama. Ndani mtu alianza kulalamika kwa uchungu, naye akageuka akaingia, mlango ukajifunga. Mwalimu alikaa mwisho wa benchi. Wanawake walikwenda na wengine wakaja. Alisikia kelele za uchungu, kisha za mtoto, kisha tena za uchungu kwa mwingine. Jua lilihama kutoka miguuni mwake hadi ukuta wa pili. Kila mara mkunga alipopita alimruka kwa macho kama ndoo iliyosahauliwa.

Alasiri, benchi likiwa tupu, alikuja akasimama mbele yake anafuta mikono kwa taulo.

"Bado upo."

"Nipo."

"Twende huku. Sitaki wazazi waliolala wodini wasikie."

Alimpeleka kwenye chumba cha mashuka, rafu hadi darini, harufu ya sabuni na pasi. Hakumkaribisha kukaa. Alimgeuzia mgongo, akayaelekea mashuka, akaimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, kavu, ya mtu anayeita mbuzi. Lakini ilipanda ule mstari kama alivyopanda Fundi, ikifikiria kila kipandio, na ilipofika mwisho haikuishia kwenye la. Ilishuka nusu sauti zaidi, chini ya la, halafu ikavutika, ikabaki inaning'inia hapo.

Mwalimu alimtambua. Alikuwa ni yeye. Alikuwa ni Fundi, amelala chali kwenye nyumba yao ya kwanza, miguu nje.

"Rudia," alisema.

"Sirudii. Mimi si kwaya yako."

"Wifi. Rudia."

Mkunga alinyoosha mgongo. Kisha akarudia, polepole zaidi, na Mwalimu akamwekea fa chini yake kwa kuguna. Alijua kitakachotokea kabla hakijatokea. Ile la ya mwanzo ilikuwa imelifanya kosa lipokelewe, likalishwe, lipewe kiti. Hii haikutaka kiti. Fa ikiwa chini na hii juu yake, chumba kikawa cheusi. Ulikuwa ni uzito wa huzuni ambao hakuwahi kuupanga katika misiba yote ya mji ule, na ulikuwa ukitembea nyumbani mwake na kandambili miguuni.

"Nilidhani anaishia kwenye la," alisema. "Niliisogeza mwenyewe. Nilisikia kilichokuwa rahisi kwangu."

"Sijui la wala fa." Mkunga aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Kwetu hakuna anayefika juu. Mama alikuwa hivyo hivyo. Hatukujua kama ni kosa mpaka ulipoolewa kwetu."

"Utakuja kwenye mazoezi uwaonyeshe sauti ya tatu?"

"Sitakuja."

"Basi kwenye ibada."

"Ibada ni ya kaka yangu. Hunialiki."

Alimfungulia mlango, na Mwalimu akatoka.

Sauti ya tatu walimgomea siku ya kwanza ya mazoezi. Walisema hii mpya inachukiza, inakaa vibaya kooni, na ile ya mazishini kila mtu aliipenda. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaambia anayeiona inachukiza aende sauti ya nne, na Besi akawatazama kama anayepima mzigo. Hakuna aliyehama. Aliwarudisha kwenye mstari ule hadi waache kuuogopa. Hakuwaeleza imetoka wapi. Mmoja tu, mfanyakazi wa posta aliyekuwa jirani na Fundi enzi za nyumba ya kwanza, alinyamaza katikati ya wimbo akatoka nje, akarudi baadaye akaendelea.

Siku ya kumbukumbu hakukuwa na spika wala majoho. Mkunga alikuja peke yake, akapita mbele ya Mwalimu bila salamu, akakaa safu ya nyuma kabisa karibu na mlango. Mwalimu aliongoza amewapa watu mgongo, kama inavyopasa, na hakumwona tena. Aliona tu nyuso za sauti ya tatu walipofika mwisho na kuishusha nota, na jinsi kanisa lilivyotulia, si kwa uzuri, bali kama watu waliosikia jina la mtu likiitwa kwenye chumba cha pili.

Alipogeuka, kiti cha nyuma kilikuwa tupu.

Nje, watu wakipeana mikono, Besi alimjia anafuta jasho.

"Wifi yako ameondoka."

"Nimeona. Alitoka kabla hatujamaliza?"

"Hapana. Alisimama mlangoni mpaka Amina." Mzee alikunja kitambaa chake. "Ameacha ujumbe. Kasema, mwambie wale wa tatu wanakata mapema. Kaka yake hakuwa na haraka."

Mwalimu aliangalia upande wa barabara. Mkunga alikuwa ameshafika mbali, anatembea katikati ya njia na mkoba wake, pikipiki zinampisha.

"Amesema hivyo tu?"

"Na kwamba usidhani amekusamehe."

"Sijadhani," Mwalimu alisema. "Waite sauti ya tatu warudi ndani kabla hawajatawanyika. Anasema kweli, wanakata mapema."